Mzigo uko mguu gani? Nilivyojifunza walzi kwa ajili ya jubilei yetu

Watoto walitupangia bila kutuuliza. Kikao cha pili cha kamati ya jubilei yetu, miaka 25 ya ndoa, binti yetu mkubwa alikuwa anasoma ratiba ya ukumbini mstari kwa mstari, na alipofika kwenye kufungua muziki akasema, "Hapa baba na mama watafungua kwa walzi." Wajumbe wakapiga makofi. Mimi na mume wangu tukaangaliana. Rumba tumeicheza tangu ujana wetu, kila harusi tuliyoalikwa hapa Mwanza na visiwa vya ziwani. Walzi tulikuwa tunaiona kwenye televisheni tu.

Ilikuwa Machi 2024, misa imepangwa Oktoba. Nikajiambia miezi saba inatosha, dansi ni dansi. Haikuwa hivyo. Naandika haya kwa sababu nilihangaika muda mrefu na kosa moja dogo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza, na siku nilipolielewa mengine mengi yalinyooka.

Tulianza na kijana mmoja anayefundisha maharusi. Alitupa mpangilio: mwanamume anatanguliza mguu wa kushoto mbele, mwanamke anarudisha wa kulia nyuma, wote wanaenda pembeni, kisha miguu inakutana, ndiko kufunga. Halafu zamu inageuka, yeye anarudi nyuma na wa kulia, mimi naenda mbele na wa kushoto. Hatua sita, na ukizichora kwa chaki sakafuni unapata mraba. Ndani ya siku mbili nilizijua zote. Lakini muziki ukiwekwa, kila baada ya mizunguko miwili mitatu mguu wangu wa kulia ulitua juu ya mguu wa kushoto wa mume wangu. Mguu uleule, na kila mara ni baada tu ya kuhesabu "tatu". Kijana akasema tuongeze mazoezi. Tukaongeza, kosa likabaki palepale, na mimi nikaanza kuogopa kufika kwenye tatu.

Mwezi wa sita shemeji yangu akatupeleka kwa mzee mmoja wa Bwiru. Umri umekwenda, lakini akisimama mgongo wake umenyooka kama mwimo wa mlango. Ujana wake aliupitisha kwenye kumbi za dansi enzi ambazo walzi na tango vilichezwa usiku mmoja na rumba, na hatua alijifunzia kwenye santuri za Victor Silvester, yule Mwingereza aliyechukua ubingwa wa dunia wa dansi za ukumbini mwaka 1922, halafu baadaye akaunda bendi yake ya kupiga kwa kasi isiyobadilika ili mchezaji asibabaike. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuambia tucheze bila muziki, tuhesabu kwa mdomo tu.

Moja, mbili, tatu. "Simameni hapohapo!" Tukasimama. Akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayo, mzigo uko mguu gani?"

Sikuelewa swali.

"Inua mguu wa kushoto."

Nikainua. Kabla haujainuka, mwili wangu ukasogea kidogo kulia, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye daladala, ndipo mguu ukatoka sakafuni. Yeye aliuona ule msogeo. "Umeona? Umesogea kwanza. Maana yake ulipofunga mguu, mzigo ulibaki katikati, nusu huku nusu kule. Sasa miguu yako yote miwili imebeba. Muziki ukisema moja, utatoka na upi?"

Pale ndipo nilipoelewa. Kwenye tatu mguu wangu wa kulia unaufuata wa kushoto na kukaa kando yake, na nilipouona umefika nilidhani hatua imekwisha. Kumbe nilikuwa nimeleta unyayo bila kuleta mwili. Mguu wa kushoto, ambao zamu yake ya kwenda mbele imefika, ulikuwa bado umebeba, basi unaotoka ni wa kulia tena, na mbele yake upo mguu wa kushoto wa mume wangu ambao wakati huo haujaondoka kwa sababu yeye anarudi na wa kulia. Miezi mitatu nzima nilikuwa nahesabu miguu.

Mzee alikuwa na maneno yake: mguu wa mzigo na mguu mtupu. Kila pigo la walzi lazima ujue upi ni upi. Akanipa zoezi la kufanya nyumbani: nihesabu, nisimame popote ghafla, niinue mguu mtupu. Ukiinuka bila mwili kusogea, umehama vizuri. Mwili ukisogea kwanza, rudia.

Nilielewa kichwani, mwili ukachelewa. Kilichonisaidia nilikiona kazini kwangu. Mimi nanunua dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimesimama nangoja mzigo kutoka visiwani, wapagazi wanashusha magunia kwa kupita juu ya ubao ulioegeshwa kutoka kwenye boti hadi nchi kavu. Nimeuona ubao huo miaka na miaka. Siku hiyo nikautazama kwa macho mengine. Mpagazi akiweka unyayo mbele, ubao hautikisiki. Unyayo umegusa, lakini ubao haujui bado. Halafu kiwiliwili na gunia vinakuja juu ya ule mguu, na hapo ndipo ubao unapobonyea. Unabonyea, unafika mwisho wake, unaanza kunesa kurudi juu, na yeye anatumia kunesa huko kutoa mguu wa nyuma. Kijana mmoja mgeni wa kazi alikuwa anatupa miguu mbele huku mwili umebaki nyuma, na ubao ukawa unamrusha vibaya mpaka akashuka majini. Wazoefu wanavuka kwa mwendo mmoja, kana kwamba ubao unawabeba.

Nilisimama pale mpaka mteja akaniita mara mbili. Kugusa ni jambo moja, kubonyea ni jambo jingine, na kati yake kuna muda. Muda huo ndio sikuwa nao kwenye hesabu zangu.

Jumamosi nilimweleza mzee, akafurahi, akaniwekea sawa suala la mapigo. Walzi ya taratibu inakwenda mafungu 28 hadi 30 kwa dakika, kila fungu mapigo matatu, kwa hiyo ni mapigo 84 hadi 90. Kila pigo halifiki sekunde moja. Pigo linapolia unyayo unagusa. Kuanzia hapo mpaka pigo linalofuata mzigo unahama bila kusimama njiani. Mimi nilikuwa nagusa, nasimama, halafu dakika ya mwisho najirusha. Kwa nje naonekana niko kwenye muziki kwa sababu unyayo unagusa kwa wakati, lakini mwili umechelewa, na mume wangu aliyeniwekea mkono mgongoni alikuwa anausikia ucheleweshaji huo kila hatua. Aliniambia baadaye: "Nilikuwa najua unakuja, sikujua unafika saa ngapi."

Mazoezi ya nyumbani tuliyafanya barazani, na hapa mwezi ulitusaidia. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, na sisi wanunuzi tunapumzika nao. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa na siku kadhaa za kulala mapema, na tulizitumia zote.

Tulicheza tumevaa ndala, na ndala zikawa mwalimu wa pili. Kisigino cha mguu wa nyuma kikinyanyuka, ndala inabaki kidogo kisha inapiga unyayo: pa. Mlio huo unakuambia mzigo umeondoka saa ngapi kwenye mguu ule. Nikawa nasikiliza ndala za mume wangu akienda mbele: kisigino cha mbele kinagusa, kimya kifupi, pa. Za kwangu nikienda mbele zilikuwa zinapiga mapema, hata kabla kisigino cha mbele hakijagusa, maana yake nilikuwa nadondokea hatua badala ya kuisukuma kwa mguu niliousimamia. Tulikaa wiki nzima kwenye hatua ya kwanza tu, mpaka pa zetu zikaanza kufanana.

Kurudi nyuma kulinichukua muda zaidi, na wanawake wengi nadhani hukwama hapo. Mguu unapelekwa nyuma kutoka nyongani, vidole vinagusa kwanza, na unapohamia unashusha kisigino polepole. Huku mbele unaachia vidole na kuburuta kisigino kuja kwako. Kisigino cha nyuma kinakamilika kushuka wakati mguu wa mbele unapita chini ya mwili. Ukikishusha mapema unakaa, mwenzako anakugonga kwa magoti. Nilikuwa nakishusha mapema kwa hofu ya kuanguka. Mzee akaniambia nishike ukingo wa meza, nirudi hatua moja kwa hesabu ya nane. Nane nzima kwa hatua moja! Misuli ya nyuma ya miguu iliuma siku tatu, lakini kisigino kilijifunza.

Kupanda na kushuka kwa walzi nilikupata kirahisi kuliko nilivyotarajia. Unaanza kupanda mwisho wa moja, unaendelea mbili na tatu ukiwa juu ya vidole, na mwisho wa tatu unashuka. Kushuka huko hakuna kudondoka: goti la mguu wa mzigo linakunja taratibu, mguu mtupu unatoka. Sisi wa Mabatini tunaishi juu ya mawe. Ukishuka mlima na ndoo kichwani hivyo ndivyo unavyofanya, goti la nyuma linakunja mpaka mguu wa mbele ukute jiwe. Nilipoambiwa hivyo nikashuka mara ya kwanza bila kukosea. Lakini angalia, bila mzigo wote kuwa mguu mmoja kwenye tatu hakuna goti la kukunja. Utakunja yote mawili, utachuchumaa. Kila kitu kinarudi pale kwenye tatu.

Viatu nitasema kidogo tu. Soli ya raba inanata kwenye vigae na unyayo hauburutiki. Nilimpa fundi viatu vyangu akaniwekea soli ya ngozi. Gauni tulilipunguza sentimita nne.

Siku ya jubilei ukumbi ulikuwa umejaa, ndugu wamekuja kutoka Sengerema mpaka Ukerewe. Mshereheshaji akatuita. Muziki ulipoanza tuliacha fungu moja lipite bila kutoka, tukiwa tumesimama, na mume wangu akaninong'oneza kama ilivyokuwa kawaida yetu barazani: "Mama watoto, mzigo?" Nikamjibu, "Kushoto." Akatoka. Vidole vyangu vikagusa nyuma, pembeni, nikafunga, nikasikia uzito wote umekuja juu ya mguu wa kulia na wa kushoto ukawa mwepesi kama haupo. Nikaenda mbele nao. Tulizunguka ukumbi mara mbili, na mzee wa Bwiru, tuliyemweka meza ya mbele, alikuwa anatazama miguu yetu tu, hakututazama usoni hata mara moja, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Hatukuacha. Sasa mzee ametuanzishia foksitroti, dansi nyingine ya ukumbini, na huko mambo ni mengine, kwa sababu kwenye hatua zake za mwanzo miguu haifungi kabisa; mmoja unampita mwenzake na mwili hausimami mahali. Ile tatu yangu niliyoihangaikia miezi yote haipo. Mbalamwezi ijayo tunaanza na hatua tatu za kwanza, barazani, kwa ndala.