Corolla ya baba: presha ya mafuta, siku ya tatu

Jumamosi, Pasua, Moshi. Gari ni Corolla ya 1994, injini ya 4A-FE, aliloniachia marehemu baba, na sikubali liozee uani. Mjini linakwenda vizuri. Tukitoka Himo kupanda Marangu ndipo linaishiwa nguvu. Ukikanyaga mafuta linakohoa na kushtuka. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na waya zake. Wa pili akataka ninunue pampu. Nikaona nipime kwanza.

Nimeazima geji ya presha kwa jirani, nikaiunga kwenye njia ya mafuta kati ya filta na nozeli zinazopulizia injini mafuta. Injini ilikuwa imepoa na nati niliizungushia kitambaa, maana mafuta yenye presha yanaruka usoni. Kisha nikawasha, nikauchomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, na kuuziba. Hapo inatakiwa presha ya psi 38 hadi 44. Geji ikasimama 27.

Nikaubana mpira unaorudisha mafuta tenki. Kama regyuleta ndiyo inayoyaachia, presha ingeruka juu palepale. Ilifika 31, ikagoma. Filta mpya nayo ikanipa 28 tu.

Ikabaki pampu, lakini pampu iliyochoka na pampu isiyopata umeme wa kutosha huonekana sawa kwenye geji. Nimetoa kiti cha nyuma, nikapima kwenye soketi ya pampu huku inazunguka: volti 9.6, na betri inasoma 13.9! Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa hasi wa pampu, nyingine kwenye hasi ya betri: volti 3.8 zinapotelea njiani. Nikaufuata waya hadi kwenye bolti yake ya bodi. Chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na kutu kavu, na shaba ya waya imegeuka kijani. Nimekwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakata ncha iliyooza, nikafunga upya.

Volti 13.1. Geji 41. Nilimwita mama aje aone sindano.

Jioni tumepanda naye hadi Marangu Mtoni, halikukohoa hata mara moja.

Bado jambo moja: nikizima, presha inashuka hadi 12 ndani ya dakika 5, na inatakiwa ibaki 21 au zaidi. Kesho nitaubana ule mpira wa kurudisha mara tu nikizima. Isiposhika, nahamia kwenye valvu ya pampu, ile inayozuia mafuta yasirudi tenki, na nozeli zinazodondosha.