Mhadhiri naye apimwe, ila apimwe nini?

Hivi mmewahi kujiuliza wahadhiri wanapimwaje? Maana mwanafunzi kila semista ana kwizi, test, paper, ila anayemfundisha akishapata PhD basi imeisha hiyo, inachukuliwa kwamba somo analijua na kufundisha anajua. Mi hapo nagoma. PhD inaonyesha mtu anaweza kufanya utafiti, na wengi wanaingia darasani hawajawahi kufundishwa kufundisha.

Ukiwauliza wenyewe ndo kabisaa. Mwaka 1977 Patricia Cross, mtafiti wa elimu, aliandika kuhusu wahadhiri wa University of Nebraska kule Marekani, asilimia 94 walijiona wanafundisha vizuri kuliko wastani. Asilimia 94 jamani, sasa huo wastani ni wa nani?

Basi vyuo vinakimbilia machapisho kwa sababu yanahesabika. Kuna hii h-index, namba ya kupima machapisho ya mtu, aliyoileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ukiwa na 20 maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Sawa, kwa utafiti inasema kitu, ila darasani haisemi lolote, na bado mtu anapandishwa cheo kwa namba hiyo.

Halafu kuna fomu za mwisho wa semista ambazo wanafunzi wanampa mhadhiri maksi, hizi ndo zinanichekesha. Mwaka 1970 kule Marekani watafiti walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dr. Fox, wakamwambia atoe lekcha ya mada ya hisabati asiyoijua, ajichanganye na kujipinga mwenyewe ila kwa ucheshi na kujiamini. Waliomsikiliza walikuwa wasomi wenye kazi zao, na wakampa maksi nzuri tu! Mbaya zaidi ni utafiti wa wachumi Carrell na West wa 2010 kwenye chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi wanapangiwa mwalimu kwa bahati nasibu na mtihani ni mmoja kwa wote. Walimu waliopendwa kwenye fomu, wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye kozi ile ile, ila kozi iliyofuata, inayojengwa juu ya ile ya kwanza, wakawa nyuma ya wenzao. Yaani fomu inajazwa kabla matokeo yenyewe hayajaonekana, halafu tunaiita kipimo.

Mi ningeanza na kitu alichokiandika Lee Shulman, mtaalamu wa elimu, mwaka 1986, kwamba kuna ujuzi wa somo na kuna ujuzi wa kulifanya somo lieleweke, yaani kujua wanafunzi wanakwama wapi na kwa nini. Huo unapimika bwana. Mpe mhadhiri jibu la mwanafunzi lililokosewa, usimuulize jibu sahihi ni lipi, muulize huyu alikuwa anawaza nini mpaka akafika hapa, na kesho utaanzia wapi naye. Mwenye kuijua kazi ataongea nusu saa, asiyejua atakwambia "hakusoma".

Ongezea mtihani wa dhana mwanzo wa kozi na ule ule mwishoni, fizikia wanafanya hivyo tangu 1992 na kale kamtihani kao ka nguvu na mwendo, unaona wamesogea kiasi gani badala ya kuona nani alikuja tayari anajua. Na ukimtuma mtu akakae darasani kumwangalia mwenzake, awe wa fani ile ile, sio mtu wa historia anaenda kumkagua wa kemia, ataishia kuandika slaidi zilikuwa nzuri na sauti ilisikika mpaka nyuma.