Bosi aliponiambia nifute ile aya Wikipedia

Nimehariri Wikipedia ya Kiswahili tangu nikiwa chuo, makala za mito na miji nyingi zikiwa bado mbegu, yaani fupi sana, na sikuwahi kufikiria siku moja mgongano wa maslahi, yaani kuhariri juu ya kitu unachofaidika nacho, utanihusu mimi, niliona hayo ni mambo ya wanasiasa na makampuni makubwa. Halafu nikaajiriwa na chuo kimoja hapa Nairobi, tao, upande wa mawasiliano. Sijamaliza hata miezi mitatu Madamu mkurugenzi akaniita.

"Kijana wangu, nasikia wewe ndio mtu wa Wikipedia. Hebu toa hiyo maneno ya kesi kwa ukurasa wetu."

Ukurasa uko kwa Wikipedia ya Kiingereza, na ile aya ilisema wanafunzi walishtaki chuo juu ya karo mwaka wa 2012 na chuo kikashindwa. Ukweli ni kwamba kesi haikufika mwisho, walielewana nje ya korti. Kwa hivyo Madamu alikuwa na haki ya kulalamika, na hapo ndipo nilisumbuka zaidi, juu kama kila kitu kingekuwa sawa ningekataa mara moja, lakini kosa lilikuwepo, mimi najua kulirekebisha kwa dakika mbili, na mshahara wangu unatoka kwake.

Sikufuta. Nilifungua laptopu pale pale nikambonyezea historia ya ukurasa, akaona kila badiliko liko na jina, tarehe na saa, hata ya miaka kumi nyuma, nikamwambia Madamu, nikifuta leo kesho mtu anarudisha, na akichimba kidogo atapata aliyefuta ni mfanyakazi wetu. Alinyamaza. Kisha akasema kuna jamaa amemwandikia imeli anataka elfu arobaini ili "aulinde" huo ukurasa. Hapo nilishtuka. Nikamweleza ya kashfa ya Orangemoody, mwaka wa 2015, akaunti 381 za wahariri zilifungiwa juu ya mchezo kama huo, wafanyabiashara wanaitishwa pesa makala iwekwe, halafu wanaitishwa tena ndio isiguswe. Nikamsihi asijibu, na hakujibu.

Sheria yenyewe si ngumu. Tangu Juni 2014 masharti ya Shirika la Wikimedia yanasema ukihariri kwa malipo lazima utaje anayekulipa, na kama ni kazi ya ofisi mshahara ni malipo, hata bila senti ya ziada. Unaweza kutaja kwa ukurasa wako wa mtumiaji, kwa majadiliano, ule ukurasa wa kujadili makala, ama kwa muhtasari wa hariri, yale maelezo mafupi ya badiliko. Mimi nilitaja pote patatu. Halafu kwa majadiliano nikaandika sentensi gani ina makosa, inafaa isome aje, nikaweka kigezo, yaani alama maalum, cha kuomba mtu asiyehusika aangalie. Chanzo ndicho kilinitoa jasho. Wakili alinipa karatasi za korti lakini hizo peke yake hazitoshi, wanataka kitu kilichochapishwa na mtu wa nje, basi Jumamosi mbili nilitoka Umoja na matatu ya asubuhi kwenda maktaba kupekua magazeti mpaka nikapata habari ndogo tu, chini kabisa ya ukurasa.

Tulingoja wiki tano. Kila Jumatatu Madamu anauliza, na kusema kweli mkono uliniwasha, kitufe cha kuhariri kiko hapo tu. Mhariri aliyejibu alirekebisha mwisho wa kesi, aya akaiacha, na akaondoa sentensi mbili za kutusifu zilizokuwa bila chanzo. Mimi niliona ametenda haki. Madamu alikasirika juu ya zile sentensi mbili, lakini akasoma ile aya mara ya pili akasema, "Angalau sasa si uongo."

Ukurasa uko kwa maangalizi yangu, ile orodha ya kurasa ninazofuatilia. Mtu akiweka matusi nayatoa, mengine yote napeleka majadiliano. Na Madamu siku hizi akiona chuo kimetajwa gazetini anakata hicho kipande, anaandika tarehe kwa kalamu juu, anakiacha mezani kwangu.