Mpini wa fimbo ya bamdogo: mota imetoka, pini imeingia

Kwa wanaofuatilia mradi huu: mota ya simu, ile ndogo inayoifanya itetemeke, nimeitoa kwenye mpini. Haikuharibika. Ilitetema vizuri mno, na hapo ndipo kazi ilipogeuka.

Kwa mgeni, kwa kifupi. Bamdogo haoni, anakaa Majengo hapa Moshi, na huenda Mbuyuni kwa miguu na fimbo nyeupe. Fimbo inampa habari za chini: mtaro, ngazi, tairi la bodaboda iliyoegeshwa njiani. Ya kifuani na usoni haiyajui: bango la duka, tawi, kioo cha pembeni cha fuso. Nikafunga sensa ya mawimbi ya sauti, ile HC-SR04 inayosoma kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Inaelekea juu, na ikikuta kitu inawasha mota ndani ya mpini. Mota zenyewe hazina shida kupatikana, kwa fundi simu zimejaa kopo zima.

Tukaenda nayo hadi Double Road. Nikamuuliza, "Bamdogo, unaisikia?"

"Naisikia mwanangu. Ila ikianza kutetema, barabara inapotea."

Jibu hilo lilinirudisha kusoma kuhusu ngozi badala ya kuhusu waya.

Ngozi ya kiganja, ile isiyo na vinyweleo, ina vipokezi vya mguso vya aina nne, na neva zinazotoka huko kwenda kwenye uti wa mgongo zimekadiriwa kuwa kama 17,000 kwa mkono mmoja. Vya Merkel viko karibu na juu. Hivyo husoma mgandamizo, kingo na umbo, na huendelea kutuma taarifa muda wote kitu kinapokandamiza. Vya Meissner navyo viko juu, lakini hujibu mabadiliko tu: kitu kikigusa, kikiteleza, kikigongagonga polepole, chini ya mara 50 hivi kwa sekunde. Vya Ruffini huhusishwa na kuvutika kwa ngozi, na kwangu havina kazi kwa sasa.

Aina ya nne ndiyo iliyoniharibia mpini. Filippo Pacini aliviona mwaka 1831 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Pistoia, Italia, akipasua mkono wa maiti. Kipokezi chake kina urefu wa kama milimita 1, kinaonekana kwa macho matupu, na kimekaa chini kabisa ya ngozi. Katikati kuna ncha ya neva, kuizunguka kuna tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Ukikikandamiza na kutulia, tabaka hizo zinateleza na kuumeza mgandamizo, neva inanyamaza. Katika miaka ya 1960 watafiti walizimenya wakaacha ncha tupu, na ncha hiyo ikawa inaitikia mgandamizo kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tabaka ni chujio: polepole haipiti, haraka inapita. Na kile kinachopita kinasikika kwa ukali wa ajabu. Kwenye mitetemo 200 hadi 300 kwa sekunde, kidole husikia msogeo usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Sasa piga hesabu. Mota ya simu huzunguka kama mara 12,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mitetemo 200 kwa sekunde. Na ncha ya fimbo ikikwaruza changarawe au lami, mitetemo inayopanda hadi mkononi husomwa zaidi na vipokezi hivyohivyo vya Pacini. Kila kimoja husikiliza eneo pana, pengine kiganja kizima, kwa hiyo kuisogeza mota sentimita chache hakusaidii. Nilikuwa nampigia bamdogo kelele kwenye sikio lilelile analosikilizia barabara.

Kwenye majaribio ya mtetemo hilo linajulikana: mtetemo wa kasi hufunika mwingine wa kasi, lakini haufuniki sana mguso wa polepole, maana huo unasomwa na vipokezi vingine. Basi nikahamia huko. Sevo ndogo, yaani mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru na kurudi, inasukuma pini niliyoikata kwenye spoki ya baiskeli, ncha nimeipiga tupa mpaka ikawa butu. Inagonga chini ya kidole gumba. Cha shahada bamdogo alikikataa kabisa, anasema hicho ndicho cha kusomea njia.

Toleo la kwanza la programu lilikuwa hivi: kitu kikiwa mbali, pini inagonga polepole, kikiwa karibu, inakandamiza na kubaki hapo. Kugonga alikupenda. Kubaki akauliza, "Imezima hii?" na pini bado ilikuwa imemkandamiza. Merkel hawanyamazi kabisa, lakini taarifa zao hupungua mgandamizo usipobadilika, na akili nayo huacha kuuhesabu. Sasa karibu maana yake ni kugonga kwa kasi zaidi, hakuna kukandamiza na kutulia.

Sevo nayo ina gia, na gia zinalia. Mlio huo ni mtetemo wa kasi, yaani Pacini tena. Nimeizungushia mpira wa tyubu pande zote isishike plastiki ya mpini. Alipopita tena changarawe alitofautisha lami, kokoto na mfuniko wa chuma huku pini ikigonga.

Asubuhi za baridi za mwezi wa saba sijaziamini bado, maana vidole vikipoa usikivu unashuka. Nitaongeza urefu wa pigo, siyo kasi.

Kilichobaki ni chaji. Bamdogo anataka waya uleule wa simu yake ya kitochi, asije akabeba chaja mbili. Jumamosi napita kwa fundi simu kutafuta soketi yake.