Pua ya mama na saa 48: tulivyopimwa Korona kabla ya kupanda meli Dubai

Mama yangu ni mtu wa Wete. Kauvuka mkondo wa Nungwi mara zisizo hesabu, kwa jahazi, kwa boti, kwa meli ya abiria iliyojaa magunia ya karafuu, na hakuna siku aliyoambiwa aoneshe pua kwanza. Kwa hiyo Februari 2022, nilipomwambia kwamba ile meli aliyotukatia tiketi mtoto wa ami yangu anayekaa Sharjah, jirani na Dubai, haitupandishi bila kipimo cha Korona, alinitazama kama mtu aliyekula kungumanga.

"Hiyo ni meli au hospitali?"

Ni meli, tena ya ghorofa kumi na kitu, siku saba za kutembea tu, inatoka Dubai na kurudi Dubai, Muscat iko njiani. Siku ya kuondoka Jumamosi, Machi 19, katikati ya Shaaban, ili tuwe tumerudi Unguja kabla ya mwezi kuandama. Mtoto wa ami ndiye aliyemtuliza kwa simu. Alimkumbusha ile meli ya kitalii, Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama, Japani, mwanzoni mwa 2020 kwa ajili ya Korona: watu 3,711 ndani, 712 wakaambukizwa. "Mama, meli ni nyumba moja yenye watu wa mtaa mzima. Akikohoa mmoja, mmekohoa wote." Mama akasema basi, lakini mimi ndiye niliyebebeshwa makaratasi.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusoma masharti ya nchi nikadhani nimemaliza. Tangu Februari 26 Dubai ilikuwa haimdai tena PCR, kile kipimo cha Korona cha maabara, msafiri aliyekamilisha chanjo, mradi awe na cheti chenye msimbo wa QR, na sisi vyeti tulikuwa navyo. Nikadhani na meli itafuata hivyo hivyo, nikalala usingizi. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe ya wenye meli, kurasa tisa, na ukurasa wa sita ukanikalisha kitako: kila abiria, kachanja au hakuchanja, alete kipimo hasi kilichochukuliwa ndani ya saa 48 kabla ya kupanda. PCR au antijeni, kile cha majibu ya haraka, vyote sawa, ila kiwe kimefanywa na mhudumu wa afya. Cha kujipima nyumbani hawakitaki. Jina liwe kama la pasipoti, namba ya pasipoti iwepo, na saa ya kuchukuliwa sampuli iandikwe. Kumbe nchi ina sheria zake na meli ina zake.

Nilichukua kalenda nikahesabu kinyumenyume. Ndege yetu ilikuwa Jumatano usiku. Tukipima Unguja Jumatano asubuhi, mpaka Jumamosi mchana kipimo kimeshachacha. Mtu wa Dubai anapima jirani na kwake. Sisi wa ng'ambo hatuna budi kupima kule kule tuendako. Halafu lile neno "kabla ya kupanda": ni kabla ya meli kung'oa nanga, saa moja usiku, au kabla ya sisi kuripoti bandarini, saa nane mchana? Tofauti ni saa tano. Nilimwomba mtoto wa ami awapigie, wakamjibu kuwa ni saa ya kuripoti. Kwa hiyo kijiti kisiingie puani kabla ya Alhamisi saa nane mchana, saa za Dubai, ambazo zimetutangulia kwa saa moja.

Juu ya hayo nilikuwa na hofu nyingine. Januari mama aliumwa mafua na kikohozi, nyumba nzima tuliumwa, na hatukupima. PCR inatafuta chembechembe za vinasaba vya kirusi, na mabaki yake yanaweza kuonekana wiki nyingi baada ya mtu kupona, hata miezi mitatu. Antijeni inatafuta protini ya kirusi chenyewe, na kwa kawaida huonesha wakati mtu bado ana virusi vingi. Yaani mama angeweza kuwa mzima wa afya, PCR ikamtoa chanya, na yuko Sharjah katika fleti ya watu, chumba kimoja, siku za kujitenga zinahesabiwa.

Nikaamua tupime PCR hapa hapa Unguja Jumatatu, kipimo ambacho hakuna mtu aliyetudai. Mtoto wa ami aliniambia natupa pesa. Sikubishana naye, lakini kama ni chanya nilitaka tuijue tukiwa kwetu, penye kitanda chake na uji wake, na tiketi bado inaweza kusogezwa. Majibu yakaja hasi sote wawili. Nikamwambia mama, "Umetoka hasi." Akauliza, "Hasi ile ya ng'ombe?" Kwa siku mbili akawa anawahadithia majirani kwamba amehasiwa.

Safari ya ndege haina la kusimulia.

Alhamisi baada ya alasiri tulikwenda kliniki iliyo karibu na nyumba ya mtoto wa ami, tukatoa dirham 150 kila mtu, kama dola 41. Mimi nilitaka antijeni, majibu nusu saa. Yeye akashikilia PCR, eti ndiyo isiyobishiwa na mtu bandarini. Mwenyeji wako akishalipa teksi huwezi kumgomea sana. Dada wa mapokezi alichukua pasipoti zetu akaandika haraka haraka, na mimi, mjinga, nikakaa kwenye kiti kutazama simu.

Ijumaa asubuhi majibu yakaingia. Langu sawasawa. La mama: hasi, alhamdulillahi, lakini jina! Jina la mama ni moja katika yale ya kwetu yanayoanza na Mwana. Wameligawa vipande viwili, kipande cha mwisho wamekifanya jina la ukoo, jina la babu limepotea kabisa, na herufi moja ya namba ya pasipoti imeliwa. Kwa karatasi ile, aliyekuwa hasi ni mtu mwingine.

Tukapiga simu, haipokewi. Tukaenda, mlango umefungwa. Hapo ndipo mtoto wa ami alipojipiga kipaji. Tangu Januari 2022 Imarati walikuwa wamehamisha mapumziko ya wiki kuwa Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku. Lakini Sharjah wao waliifanya Ijumaa nzima kuwa ya mapumziko, jumla siku tatu. Kliniki ile ilifuata hivyo. Kufungua tena ni Jumatatu, na sisi Jumatatu tuko baharini, au hatuko.

Nilimwambia, sasa tunafanya yangu. Baada ya sala ya Ijumaa tukavuka kwenda Dubai, tukapata kliniki iliyo wazi, tukaomba antijeni ya mama peke yake. Safari hii nilisimama dirishani kama askari. Niliomba niandike jina mwenyewe, herufi kubwa, kama lilivyo kwenye pasipoti, nikamwomba kijana anisomee namba moja moja nami nikimfuata kwa kidole. Kabla ya kuondoka nikaomba karatasi iliyochapwa, nikaikagua tena pale pale. Mama naye akaitaka aione. Akavaa miwani.

"Hapa wamekosea tena. Wameandika saa tatu. Sisi tumepimwa saa tisa."

Ilikuwa 03:10 PM. Mtoto wa ami alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama hakuona cha kuchekesha, na kusema kweli baada ya yaliyotupata ana haki. Tulimweleza kwamba wenzetu saa tisa yetu wao wanaiita tatu, akanyamaza, kisha akasema hiyo ndiyo sababu wanapoteza majina ya watu.

Jumamosi bandarini tulifika saa saba na nusu, mimi na bahasha: vyeti vya chanjo, majibu, pasipoti, nakala mbili mbili, maana simu huzima chaji siku kama hizo. Binti wa meza ya kwanza aliangalia karatasi ya mama, akaangalia pasipoti, jina kwa jina, herufi kwa herufi, akaweka alama ya vema. Nikashusha pumzi. Halafu akatuonesha foleni ya kushoto, watu wamekaa kwenye viti, wameinua vichwa juu.

Ukurasa wa nane wa ile barua pepe, ambao sikuusoma vizuri, ulisema abiria wote watapimwa tena bandarini.

"Binti yangu," mama akamwambia nesi kwa Kiswahili, naye hasikii hata neno moja, "pua hii ni ile ile ya jana." Nesi akatabasamu nyuma ya barakoa, akaingiza kijiti. Baada ya kama dakika arobaini jina la mama likaitwa, lote, na tukapanda.

Usiku, tukiwa tumeshaacha taa za Dubai nyuma, nilipata ujumbe kutoka nyumbani. Tangu Machi 17 Tanzania ilikuwa imeacha kudai PCR kwa msafiri aliyekamilisha chanjo. Vipimo vya kurudi navyo nyumbani nilikuwa nimeshavilipia, viwili, katika kliniki ile ile ya Sharjah.

Mpaka leo hawajanirudishia.