Siku moja maishani mwangu: msanifu majengo akiwinda upepo

Saa 12:30 asubuhi. Jengo la ofisi, ghorofa nne, wenye kazi bado hawajaingia. Napanda juu ya meza na kugusa dari. Watu hunicheka, lakini zege halidanganyi. Madirisha ya juu yakilala wazi, hewa ya usiku hulipoza, na mchana kutwa zege hilo hunyonya joto la watu na kompyuta. Leo ni vuguvugu. Mlinzi ananiambia ameagizwa afunge kila kitu kwa kuogopa wezi. Hofu ya haki, ila kidirisha chenye nondo hakipitishi mwizi, upepo tu.

Saa 2. Kikao. Tupite.

Saa 4. Nawasha kijiti cha moshi karibu na dirisha la mashariki. Moshi unapanda wima, hauna haraka. Nafungua mlango wa chumba cha meneja ulio mkabala: moshi unalala, unakimbilia humo na kutokea dirishani kwake. Ukumbi una kina cha mita 14 na dari la mita 3. Dirisha la upande mmoja hutosha kina cha takribani mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha dari. Ukifungua pande mbili unafika hadi mara tano. Kwa hiyo jengo lilichorwa vizuri. Aliyeliua ni fundi wa baadaye aliyejenga kizigeo, ukuta wa kukitenga chumba cha meneja, hadi darini. Upepo usio na pa kutokea hauingii.

Saa 6 mchana. Jua liko juu, vikinga vya mlalo juu ya madirisha vinatosha kabisa.

Saa 9:30 alasiri. Hapa ndipo penye kesi. Upande wa magharibi jua limeshuka, linapita chini ya vikinga na kupiga mezani. Mapazia yamefungwa, taa zimewashwa mchana kweupe, feni zinazungusha joto lilelile. Namwambia mteja ashike pazia. Anautoa mkono haraka. Jua likishavuka kioo, pazia linazuia mwanga mkali tu, joto limeshakuwa mgeni wa ndani. Yeye anataka viyoyozi zaidi. Mimi nataka mabapa ya wima nje ya kioo, yaliyogeuzwa kidogo kulipa jua mgongo.

Saa 11 jioni. Mteja anakumbushia Eastgate ya Harare, jengo la msanifu Mick Pearce lililokamilika 1996, "lile la kichuguu". Hadithi kwamba liliiga kichuguu cha mchwa ili kujipoza ni tamu, na wengi huishia hapo. Namweleza kwamba lile lina feni zinazosukuma hewa ya usiku kwenye zege, na madirisha yake yamekingwa jua kwa nje. Anatazama mchoro wangu tena.

Tumekubaliana: kizigeo kikatwe juu, na fundi wa kuchomelea afunge mabapa kwenye dirisha moja la magharibi. Jumatatu saa 9:30 tutashika mapazia mawili.