Kongwa Juu ya Shingo za Wanafunzi

Somo: Matendo 15:1–29

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Moja ya mabishano makubwa ya mwanzo katika kanisa ilihusu mila. Watu wa mataifa walikuwa wamemwamini Kristo na kumpokea Roho Mtakatifu, lakini baadhi ya ndugu kutoka Uyahudi wakasisitiza kwamba pasipo tohara hakuna wokovu. Petro akawauliza kwa nini wanaweka kongwa juu ya shingo za wanafunzi. Baraza la mitume na wazee huko Yerusalemu likakubaliana kutowatwika mzigo mwingine, ila yaliyo lazima.

Inauma kuona jinsi waamini walivyolisahau neno hilo. Mwaka 1550, mjini Valladolid, Hispania, wataalamu waliitwa kusikiliza hoja kuhusu wenyeji wa Amerika. Juan Ginés de Sepúlveda, akimtegemea Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alidai kwamba watu wale ni watumwa kwa maumbile, hivyo ni halali kuwapiga vita kabla ya kuwahubiria. Padri Bartolomé de las Casas, aliyeona mateso yao kwa macho yake, alimpinga: hao ni wanadamu wenye akili, na imani haiingizwi moyoni kwa upanga. Tena Papa Paulo III alikuwa ameshaandika mwaka 1537 kwamba wenyeji hao wasinyang'anywe uhuru wala mali zao.

Lakini Las Casas huyohuyo aliwahi kupendekeza waletwe watumwa kutoka Afrika ili kuwapunguzia wenyeji mzigo. Baadaye alijuta na kuandika kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma ileile. Nakaa hapo kila ninapokumbuka habari hii. Mtu anaweza kumtetea jirani mmoja kwa machozi huku akimtwika mwingine.

Karne ya 19 wasomi waliipa dharau hiyo sura ya elimu. Lewis Henry Morgan, mwaka 1877, alipanga jamii zote kama ngazi: ushenzi chini, ustaarabu juu. Wamisionari wengi walipanda ngazi hiyohiyo, wakahubiri Kristo pamoja na mavazi na majina ya kwao. Mwanaanthropolojia Franz Boas, aliyeishi na Wainuiti, wenyeji wa kisiwa cha Baffin kaskazini mwa Kanada, mwaka 1883 na 1884, alikuja kuipinga. Alifundisha kwamba kila utamaduni ueleweke kwa historia yake wenyewe, na kwamba hakuna kabila lililoumbwa na akili pungufu.

Hilo Paulo alikwisha kulisema Athene: Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja (Matendo 17:26). Sisemi kwamba kila desturi ni njema. Baraza lenyewe lilikataza uasherati na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, na Injili inazihukumu mila zetu sisi kwanza kabla ya kufika kwa wengine.

Basi tujiulize kwa uaminifu: mgeni anapokuja kwa Kristo kati yetu, tunamdai nini ambacho Bwana hakumdai? Namna ya kuvaa? Namna ya kuimba, au kunyamaza wakati wa maombi? Tuyataje hayo kwa majina tunapoomba wiki hii. Kisha tusome Matendo sura ya 10, nyumbani mwa Kornelio, tukimtazama hasa Petro: alichokataa mwanzoni, na alichokiri alipoingia mle ndani.